Gaston Itongwa na Jibu la Mudaka

Baba Padri, wanashirika, majirani wa Kadutu, wafanyakazi wenzake wa karakana, na ninyi nyote mliolala hapa kilioni tangu juzi, karatasi hii ilipaswa kusomwa na mtu wa ukoo wa marehemu, lakini wenyewe mmeona kwamba hakuna hata mmoja aliyefika kutoka Mwenga, kwa hiyo imeandikwa na watu wa bibi yake, yaani mke wake, familia ya kijiji cha Mudaka, na anayeisoma ni shemeji yake Adalbert, ndugu mkubwa wa Adélaïde. Jana jioni wazee wetu waliipitia, wakaomba sehemu ya ndoa ifupishwe, iandikwe tu kwamba mume na mke walitengana kwa kutoelewana, kisha tuendelee na ugonjwa. Adalbert alikataa, kwa sababu si kweli, na kwa sababu dada yake, aliyekaa pale mbele kwenye mkeka, ameishi miaka kumi na mitatu akiamini kwamba mume wake hakuwahi kumwita arudi nyumbani. Alimwita, na leo kabla kaburi halijafunikwa ni lazima ajue alimwita namna gani, na ni nani aliyelizuia neno lake njiani.

Marehemu Gaston Itongwa Museme alizaliwa tarehe 9 Machi 1934 katika kijiji cha wawindaji kilichokuwa mwendo wa siku nzima kwa miguu kutoka Kamituga, zone ya Mwenga, akiwa mtoto wa pili wa mzee Museme na mama Wabiwa. Jina la Gaston alilipata kwa ubatizo, mwaka wa 1972, serikali ilipokataza majina ya Kizungu, akalazimika kulificha kama sisi sote tulivyoficha ya kwetu, akabaki Itongwa kwenye kadi, lakini bibi yake aliendelea kumwita Gaston ndani ya nyumba kwa sauti ndogo, na ndiyo maana leo tumeliweka mbele. Baba yake alikuwa mwindaji mwenye mbwa wanne, na mbwa wa kule hawabweki, tunaomba wale ambao hawajawaona watuamini, wanaguna tu na kulia kidogo wanapofurahi, kwa hiyo mwindaji humfunga mbwa wake kengele ya mti shingoni ili ajue yuko upande gani wa msitu, na wakati usio wa kuwinda huijaza majani ndani ili inyamaze. Marehemu alijifunza kutembea akifuata kengele hizo, na alipenda kusema kwamba sauti ya kwanza anayoikumbuka duniani si ya mama yake, ni ya mti unaogonga mti.

Alianza shule ya msingi misheni mwezi wa Septemba 1942, akafika mwaka wa tano, kisha mwaka wa 1951 akateremka Bukavu kujifunza useremala, akapata cheti chake tarehe 30 Juni 1954, na tarehe 3 Januari 1955 akaanza kazi katika karakana ya shule ya ufundi, ambako alibaki hadi ugonjwa ulipomtoa, miaka thelathini na minne mezani pale pale, karibu na dirisha. Ninyi mnaokaa juu ya viti vya shule hapa Bukavu, wengi wenu mnakaa juu ya mikono yake.

Mwaka wa 1964, vita vya waasi vilipopita kwao, kijiji kiliteketea, wazazi wake wote wawili walikufa msituni walikokimbilia, na ndugu yake mkubwa alishika njia ya Shabunda na hakusikika tena. Habari ilimfikia miezi saba baadaye, akiwa anapiga randa mlango, na waliokuwapo wanasimulia kwamba aliuliza siku, akaiandika kwa penseli juu ya ubao, akamaliza mlango, ukaenda na tarehe ile upande wa ndani, na mpaka leo hakuna anayejua mlango huo uko katika nyumba ya nani. Tangu hapo hakuwa na mtu wa kwao.

Tarehe 27 Julai 1968 alifunga ndoa na Adélaïde M'Nshombo, binti wa Mudaka, ambaye alikuwa akileta maharage na viazi karakanani kwa wafanyakazi. Aliyemwongoza katika mambo ya mahari alikuwa marehemu mzee Pascal, mkubwa wake wa kazi, mtu wa Kabare aliyejua desturi za kwetu kama mfuko wake mwenyewe, akamwambia ni ng'ombe wangapi, ni pombe gani, aseme nini na anyamaze wapi, na kila kitu kilikwenda sawa. Mzee Pascal alikufa mwaka wa 1974, tunaomba mkumbuke hilo, kwa sababu kama angekuwa hai miaka mitatu baadaye, karatasi hii ingekuwa fupi na yenye furaha.

Mungu aliwapa mtoto mmoja, Clémence, aliyezaliwa tarehe 14 Septemba 1971, akafa kwa surua tarehe 2 Juni 1975, akiwa na miaka mitatu na miezi minane. Marehemu alitengeneza jeneza mwenyewe, akakataa kusaidiwa hata kushikiwa msumari, na baada ya hapo maneno yalipungua mdomoni mwake mpaka yakawa ya kuhesabika. Mwezi wa Agosti mwaka ule dereva mmoja wa lori alimletea kutoka Mwenga mtoto wa mbwa wa kwao, mwekundu, mweupe nyuma kama mtu aliyevaa kaptula, na jina likawa Kapitula, na hapo ndipo ilipoanza kazi ambayo Kadutu nzima ilimjua nayo.

Nyuma ya nyumba hii, pale kwenye mteremko ambapo sasa mmeegesha baiskeli, alianza kujenga. Alilaza mti wa mkaratusi juu ya vigoda viwili, akaweka pipa lililokatwa pande zote mbili, akafunga mpira wa gari kwenye mparachichi, akasimamisha fito kumi na mbili kwa mstari mmoja, akatengeneza ubao wa kupanda na kushuka, na mwingine unaolala upande huu na upande ule ukikanyagwa katikati, na mwisho akachimba shimo la maji. Vitu saba, wala hakuongeza wala kupunguza hata kimoja katika miaka yote, na watoto wa mtaa wakapaita parcours, njia ya vizuizi, kama ile ya wanajeshi. Kila siku saa kumi na nusu, akitoka kazini, alivua koti, akaweka vichwa vya samaki wa ndagala mfukoni, akasimama na Kapitula mbele ya ule mti uliolala, akapiga ulimi mara moja, na mbwa akaenda, juu, ndani, katikati, akipita kati ya zile fito bila kugusa hata moja, na akiteleza mahali popote wakaanza tena mwanzo bila kugombezwa.

Bibi yake alilia mtoto kwa sauti, yeye alilia kwa mbao, na nyumba moja haikuweza kubeba vilio viwili visivyosikilizana. Siku ya Jumatatu tarehe 6 Septemba 1976, Adélaïde alifunga nguo zake akarudi Mudaka kupumzika kwa mama, akisema mbele ya jirani, Maman Rosalie, maneno ambayo yeye mwenyewe hakatai: "Ule bwana anaongeaka na imbwa kuliko mimi." Hakuwa ameacha ndoa. Kwetu bibi akirudi kwa wazazi, mume hungojwa, anakuja mwenyewe na mtungi wa kasiksi, pombe ya ndizi, na mbuzi, anakaa, anasemwa kidogo, anakubali, na jioni wanarudi wote wawili. Tulimngoja Septemba, tukamngoja Noeli, na kila Dominika Adélaïde alifagia uwanja hadi barabarani.

Sasa tunafika mahali ambapo wazee waliomba tupaharakishe. Siku ya Dominika tarehe 20 Machi 1977, Adélaïde akiwa kwenye misa na baba akiwa mgonjwa ndani, alifika nyumbani kwetu mfanyakazi mwenzake wa marehemu, Emile, mtu wa Sange, ambaye hakujua desturi zetu wala za Mwenga, akishika kamba, na kwenye kamba alikuwa Kapitula, ameogeshwa, na kengele ya mti shingoni inalia wazi. Adalbert alimpokea peke yake. Emile alisema kama alivyotumwa: "Papa Gaston anasema hivi, hii njo kitu anapenda kupita vyote iko nayo, muikamate, na muke wake arudie." Adalbert alitazama barabarani kama kuna mbuzi nyuma, kama kuna mtungi, hakuona kitu, na damu ikampanda kichwani, kwa sababu alielewa kwamba mtu yule anapima dada yake sawa na mbwa. Aliivuta kengele shingoni mwa mnyama hata kamba ikakatika, akaitupa ndani ya zizi, akajibu: "Umwambie, kwetu habarudishake muke na imbwa." Emile aliondoka na mbwa. Emile alikuwa mtu wa haya, na baadaye tulijua kwamba maneno yale hakuyafikisha, alimkabidhi marehemu mbwa na kamba yake tu, akasema wameichukua kengele, na mwaka uliofuata alirudi Sange ambako alifariki.

Adélaïde alitoka misa, akauliza kwa nini uwanja una nyayo za viatu vya mjini. Adalbert akamjibu kwamba alikuwa mtu wa kuuza sabuni. Alikusudia kumlinda na aibu, hivyo ndivyo alivyojiambia, na kengele akaiokota jioni akaificha ghalani chini ya magunia, na uongo ule, kwa kuwa ulikuwa mdogo, ulikaa vizuri.

Ikafuata miaka kumi na miwili na miezi minane. Marehemu aliishi hapa peke yake, akaamka saa kumi na moja, akapika ugali wa watatu, yeye, Kapitula, na baadaye mtoto wa Kapitula, akaenda kazini kwa miguu, akarudi, akavua koti. Kila Jumamosi baada ya salongo, kazi ya lazima ya kusafisha mtaa, alipaka rangi nyeupe zile fito na kubadilisha maji ya shimo. Kila Dominika alifagia kutoka mlangoni hadi njia kubwa, akavaa shati la pasi, akawakimbiza mbwa mara moja tu, wote saba bila kosa, kisha akakaa kwenye ngazi akitazama barabara hadi giza. Maman Rosalie alimpelekea beignets, maandazi yake, akapokea, akashukuru, hakukaribisha. Majirani walisema ameingiwa na pepo, wengine wakasema ni mchawi mwenye mbwa mabubu, na sisi wa Mudaka, kila mtu aliyetoka soko la Kadutu alitupa habari kwamba shemeji yetu anacheza na mbwa kila siku na ananenepa, tukacheka kwenye pombe, na aliyecheka zaidi ndiye anayesoma. Adélaïde aliyasikia yale yote akimenya mihogo. Alikataa wanaume wawili waliotumwa kwake, bila kueleza.

Lakini tusimfanye kuwa mtu wa huzuni tu. Mwaka wa 1983 chef de quartier, mkuu wa mtaa, aliyetaka kwanza kuvunja parcours akisema inaharibu sura ya mtaa, alibadilika akaamuru mbwa waonyeshwe mbele ya wageni siku ya sikukuu, marehemu akabeba vitu vyake begani mara nne kupanda na kushuka, shimo la maji akalichimba kule kule, na Kapitula, aliyekuwa amezeeka, na binti yake Dimanshi, aliyezaliwa siku ya Mungu, walikimbia mbele ya watu elfu bila sauti hata moja, hata fanfare, bendi ya matarumbeta, ikasahau kupiga. Walimpa kiti na chupa ya bia, akasema asante, ni saa ya chakula cha mbwa. Na mwaka wa 1986, Kapitula alipokuwa anakufa, daktari wa wanyama, Mbelgiji, alimwonyesha gazeti lenye picha za mbwa wanaoruka miti na kuingia mapipa, akamwambia kwamba huko Ulaya umetokea mchezo mpya, una jina lake na vikombe vyake. Marehemu aliangalia picha zote polepole, akarudisha gazeti, akasema: "Bamechelewa kidogo." Ndiyo mara ya mwisho majirani walimsikia akicheka.

Kikohozi kilimwanza mwezi wa Februari 1988, akadhani ni vumbi la mbao, akanywa majani, akaendelea na kazi, hadi siku ya Jumanne tarehe 24 Oktoba 1989 alipoanguka katikati ya zile fito, na Dimanshi, asiyejua kubweka, akaenda kukwaruza mlango wa Maman Rosalie mpaka akafuatwa. Marehemu alilazwa hospitali, mapafu yote mawili yalikuwa yameharibika, na Maman Rosalie akatuma barua Mudaka. Barua ilimfikia Adalbert, akasema atakwenda kwanza yeye kuangalia, na siku ya Jumatatu tarehe 13 Novemba alisimama kando ya kitanda, miaka kumi na mitatu hawajaonana, akitafuta salamu ya kuanza nayo.

Marehemu alifungua macho, akamtambua mara moja, akajitahidi kukaa. Alisema: "Shemeki, jibu mumeleta?"

Adalbert akauliza jibu gani. Hapo, kwa pumzi fupi fupi, mtu ambaye hakuwa ameongea miaka yote aliongea karibu saa nzima, akaeleza desturi ya kijiji cha baba yake, ambacho hakipo tena, na pengine yeye alikuwa wa mwisho kuijua. Kwao, mume aliyekimbiwa na bibi haendi mwenyewe, maana kwenda ni kudai, bali hutuma mbwa wake aliye bora kuliko wote, kengele ikiwa wazi bila majani, na hakuna heshima inayopita hiyo, kwa sababu mwindaji asiye na mbwa amelala njaa. Wakweze wakimbakiza mbwa, bibi anarudi siku ileile. Wakimrudisha mbwa na kengele yake, wamekataa. Lakini wakimrudisha mbwa na kubaki na kengele, wamesema: tumesikia, ngoja, jibu litakuja, na mume anayekwenda kuliuliza analivunja. Siku bibi anaporudi, mbwa huyo, au wa uzao wake, huvalishwa kengele na kutangulia, naye hufuata nyuma, na mbwa hapaswi kuteleza popote, kwa sababu ndiye anayemfungulia njia. Vile vitu saba nyuma ya nyumba vilikuwa njia ya kuingia kijijini kwao, gogo la kwanza, pango, mizizi iliyojikunja, mianzi, kilima, daraja la ubao mmoja, kijito. Alikuwa akiwaweka mbwa tayari. "Mulibaki na kengele," alisema, "nami niliheshimu. Sikukuya kuuliza." Kisha akauliza tena, kwa adabu, kama mtu anayeogopa kusumbua, kama jibu linakaribia.

Adalbert alimwambia kwamba linakaribia. Angeweza kupanda gari saa ileile. Alirudi Mudaka jioni, akamkuta dada yake anapika, akashindwa kufungua mdomo. Jumanne alishindwa, Jumatano alishindwa, hakuna mvua iliyokata barabara, hakuna gari lililokosekana, ilikuwa ni aibu tu, na asubuhi ya Alhamisi alisema nusu, kwamba mume wake ni mgonjwa sana, na Adélaïde aliepua sufuria motoni akatangulia barabarani. Waliingia hospitali saa sita kamili. Marehemu Gaston Itongwa Museme alikuwa amefariki siku hiyo ya Alhamisi, tarehe 16 Novemba 1989, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka hamsini na mitano, na muuguzi alisema kwamba alikuwa ameomba kitanda chake kigeuzwe kielekee mlango.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa Mama Agnès aliyekigeuza kitanda kile bila kuuliza sababu, inawashukuru wenzake wa karakana waliotengeneza jeneza usiku kucha kwa mbao alizokuwa amejichagulia, inamshukuru chef de quartier, wanashirika, na zaidi ya wote Maman Rosalie, aliyekuwa ndugu wa mtu asiye na ndugu, na ambaye amemlisha Dimanshi mpaka leo.

Adélaïde, dada, sasa umesikia. Uliitwa siku ya Dominika tarehe 20 Machi 1977, ulipokuwa misani, kwa heshima kubwa kuliko zote alizozijua, na hukuambiwa. Aliyekunyima neno hilo ni huyu anayesoma, na msamaha hauombi hapa mbele ya watu ili usilazimike kuutoa, atakuja kuuomba nyumbani kwako, hapa, si Mudaka. Kengele iko juu ya jeneza, ile ile, kamba tu ni mpya, na iko wazi, bila majani. Ukipenda, utamfunga Dimanshi shingoni kwa mkono wako, naye atatangulia kuteremka mpaka makaburi ya Ruzizi, wewe utafuata nyuma yake, nasi sote nyuma yako. Usipopenda, Adalbert ataibeba mwenyewe mbele ya jeneza na kuitikisa njia nzima, kwa kuwa yeye ndiye aliyeinyamazisha.

Gaston, shemeji yetu, jibu limeletwa. Pumzika kwa amani.